Mtulinga wa Fundi Asiyetumia Skrubu

Haya niliambiwa mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki ya macho, na binti wa marehemu dada yangu, ambaye ndiye mke wa fundi mwenyewe. Walikuwa wameshanitia yale matone ya kufungua macho, sioni mbele wala nyuma, masikio tu ndiyo yaliyobaki kazini. Foleni ilikuwa ndefu. Yeye huniita mama mdogo, na akianza kusimulia hana breki, nami sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nayaandika kama alivyoyasema. Pale alipotia chumvi nimeiacha, maana chumvi yake haizidi.

Mume wake ni seremala. Si seremala wa kugongagonga. Yeye mbao moja huichonga ulimi, nyingine huitoboa tundu kwa patasi, ulimi ukaingia tunduni kwa kubanana, akatia gundi, akapigilia kijiti cha mti katikati, basi, imekwisha, hata tembo akalie. Msumari kwake ni jambo la kuficha. Skrubu ni aibu kabisa. Na lile bamba la chuma ambalo watu hulipachika kwenye kona ya kiti kilicholegea, akiliona nyumbani kwa mtu, hata chai haimpiti kooni. Mlangoni mwa karakana yake ametundika ubao alioupaka rangi mwenyewe: HAPA HATUTUMII SKRUBU.

Karakana ya pili, ukuta kwa ukuta, ni ya shemeji yake, kaka wa huyo mke wake. Huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa kazi hiyo kila mtu anamwita Cheche, hata mimi niliyembeba mgongoni. Anatengeneza milango, madirisha na vitanda vya chuma. Wawili hawa wanapendana, ila hawajui namna ya kuonyeshana isipokuwa kwa kuchokozana. Fundi husema vitanda vya Cheche vinalia kama paka waliofungiwa stoo. Cheche hujibu kwamba angalau vyake vinamfikia mteja kabla mteja hajaota mvi.

Hapo Cheche anagusa penyewe, kwa sababu fundi hana haraka, na mteja aliyesubiri kuliko wote ni mke wake. Kitanda wanacholalia walikikuta ndani ya nyumba walipohamia. Tendegu moja limekatika, limekalishwa juu ya kopo la rangi. Ukigeuka kinalia, ukipiga chafya kinalia, na kimeinama upande wa ukutani, kwa hiyo anayelala ukutani usiku kucha huwa amebebeshwa mwenzake. Mke wake anasema amezoea kulala ameshika ukingo kama mtu aliyedandia lori. Kila mwaka alikuwa akiuliza habari za kitanda, na kila mwaka alijibiwa kwamba mti wa kufaa haujapatikana.

Mwaka jana ukapatikana. Fundi aliziona mbao hizo mahali wanapopasua magogo, akazinusa, akazigonga kwa kidole, akarudi nyumbani amechangamka kama bwana harusi. Akataka mke wake aione ile mifumbati, yaani zile mbao mbili ndefu za ubavuni, kabla hajazitia msumeno. Cheche alimwambia achukue mkokoteni wake. Fundi akasema mbao kama hizi si magunia, hazisukumwi, zinabebwa. Akaziweka bega la kulia, akashika njia.

Alifika salama mpaka getini kwake. Pale jirani akamsalimu, naye ni mtu wa adabu, akageuka kuitikia. Watu wanageuka kila siku na hakuna kinachotokea, lakini mwenye mbao ndefu begani akigeuka, mkia nao unageuka. Mkia ukagonga nguzo ya geti, mbao zikamzungusha, akaanguka na bega juu ya ngazi ya saruji. Mke wake ndani akasikia kitu kimelia kwaa! Akatoka mbio. Akamkuta fundi amekaa chini, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto unapapasa mbao moja toka mwanzo hadi mwisho, kisha ya pili.

"Nzima," fundi akasema, uso umejaa raha. "Zote nzima. Sasa kilicholia ni nini?"

Akajaribu kuinua mkono wa kulia ili asimame. Ndipo akapata jibu.

Hospitalini walimpiga picha, wakampeleka kwa daktari wa mifupa. Alikuwa mwanamke kijana, mfupi, ambaye ilibidi apande kiti kidogo ili aibandike picha kwenye ile taa ya ukutani. Fundi akamwita binti. Mke wake alimfinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na daktari hakuonekana kujali. Akawaonyesha mtulinga, huo mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani, ambao mtu akikonda ndio unaotangulia kuonekana. Wa fundi ulikuwa umekatika katikati. Ncha mbili zimepishana, moja imepanda juu ya mwenzake, na kati yake kuna kibanzi kimesimama upande, hakimo huku wala kule.

Fundi aliitazama picha ile kama anavyotazama kazi ya mtu mwingine.

"Hii imeungwa vibaya," akasema.

Daktari akamwambia haijaungwa bado. Hiyo ndiyo imevunjika.

Mke wake anasema hapo ndipo fundi alipouliza lile lililokuwa moyoni tangu getini. Hakuuliza kama atapona. "Nisikilize, daktari. Nitasukuma randa tena?" Tazama, neno binti lilikuwa limeshayeyuka.

"Hilo ndilo nataka tulizungumze," daktari akasema.

Akakaa, akaeleza polepole. Mitulinga mingi, alisema, inapona kwa kuning'iniza mkono kwenye kitambaa tu, bila kisu. Lakini huu umepishana mno, na ukiachwa hivi unaweza kuunga ukiwa mfupi, au usiunge kabisa, na bega la mtu wa randa likifupika litakuwa linachoka kabla ya saa nne. Kwa hiyo yeye anashauri upasuaji, na upasuaji una njia mbili. Ya kwanza ni pini, kijiti chembamba cha chuma kinachopita ndani ya mfupa wenyewe, katikati, kama utambi ndani ya mshumaa. Kidonda chake kidogo, ila mara nyingi baadaye hurudi kutolewa. Ya pili ni bamba, kipande cha chuma kinacholazwa juu ya mfupa na kubanwa kwa skrubu huku na huku. Kidonda kikubwa zaidi, na ngozi ya chini yake inaweza kufa ganzi, lakini linashika vizuri mfupa wenye vipande vingi.

Aliposikia skrubu fundi akajikunyata. Mke wake anasema hata yeye alitamani daktari angetumia neno lingine.

Fundi akauliza kati ya mbili hizo ipi bora. Daktari akasema waliopasuliwa kwa njia hii na waliopasuliwa kwa njia ile wamelinganishwa sana, na mwaka ukiisha mikono yao wengi inafanana, huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama wakianika nguo. Jibu hilo lilimkera fundi vibaya sana. Alikuja kumwambia mke wake kwamba katika maisha yake hajapata kuona fundi asiye na upande. Pale pale akasema yeye anataka pini. Mti kuingia ndani ya mti, hiyo anaijua, ni kazi ya heshima.

Daktari akasema pini inawezekana. Kisha akaweka kidole kwenye kile kibanzi. "Kama isingekuwa hiki, nisingebishana nawe. Kwa sababu ya hiki, ningependa bamba." Akampa kitambaa cha mkono na vidonge vya maumivu, akamwambia alale ameketi, akafikiri, arudi siku ya kliniki inayofuata. Aje na neno moja, si mawili.

Kwenye korido walisubiri dawa, na fundi kwa bahati, au kwa kutafuta, maana alikuwa anachungulia shingo za watu, akakuta watu wawili waliovunjika kama yeye. Mmoja mwalimu wa michezo, mama wa makamo, ana bamba. Mwingine dereva wa lori, ana pini. Akawahoji kama mtu anayenunua mbao.

Mwalimu alisifu bamba lake. Alinyoosha mkono mapema, akarudi kupiga filimbi uwanjani wenzake wakimshangaa. Ila kamba ya mkoba ikikaa pale, anaisikia kama ametundikwa msumarini, na chini ya kovu, alisema, ukimchoma sindano atakutazama tu. Dereva naye akafungua kifungo, akaonyesha kovu dogo kama tundu la kifungo chenyewe. Ngozi yake yote inasikia. Ila mkia wa pini umeanza kumchungulia kwa ndani, mkanda wa gari ukimkaba anaiona dunia chungu, na leo amekuja kupangiwa siku ya kutolewa. Fundi akawauliza, wangerudi nyuma wangechagua nini. Mwalimu akasema pini. Dereva akasema bamba.

Fundi akarudi nyumbani akiwa hajui alilokwenda nalo wala alilorudi nalo.

Shida ya kwanza ilikuwa usingizi. Kitanda kile kilichoinama hakikufaa hata kidogo. Akilala chali mfupa unalia, akilala ubavu mfupa unalia, na kitanda kinaitikia. Ikabidi alale kwenye kiti cha sebuleni, amezungushiwa mito kama yai, kichwa kimeangukia kifuani, anakoroma kwa sauti ambayo mke wake hakuwahi kuisikia katika ndoa. Mke wake alibaki peke yake chumbani. Mtu angedhani angefaidi. Anasema hakulala vizuri hata siku moja, kwa sababu mwili wake ulishazoea kujishika, na sasa hapakuwa na wa kumwangukia.

Shida ya pili ilikuwa Cheche. Alikuja kumpa pole, akakaa kwa adabu, akanywa chai, akauliza maumivu, na usoni mwake kicheko kilikuwa kimejaa mpaka kwenye masikio. Hatimaye kikamshinda.

"Shemeji, mimi sisemi kitu," akasema. "Nasema tu kwamba mwili wako wenyewe umekuja kuomba kazi ya duka langu."

Fundi akamwambia yeye anatiwa pini, na pini ni ulimi na tundu, ni useremala. Cheche akasema pini ni chuma. Fundi akasema chuma kilicho ndani hakihesabiwi. Wakaendelea hivyo hadi chai ikapoa, na mwisho wakakubaliana kitu ambacho ni wao tu wangekikubali, kwamba wasibishane kwa mdomo, wajaribu.

Siku iliyofuata mke wake alikwenda sokoni. Alipotoka tu, wakachukua fagio la ndani na fagio la deki, wakayang'oa mipini, wakaipeleka karakana. Mpini wa fagio ni mnene kuliko mtulinga, fundi alisema, lakini kwa mbali wana undugu. Akaonyesha pa kukata na pa kuvunja ili kila mpini utoke vipande vitatu, ncha mbili na kibanzi katikati, kama ile picha. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa umefungwa, fundi akawa kichwa, Cheche akawa mikono, na wote wawili wakawa midomo.

Mpini wa kwanza ukatobolewa katikati kwa keekee, ikapitishwa spoku ya baiskeli. Fundi alitaka iende sawa kabisa, akamrudisha Cheche mara mbili, Cheche akanung'unika kwamba hata mama yake hakumsumbua hivi. Mpini wa pili ukawekewa bamba. Hili Cheche alilikata mwenyewe, akaligonga kidogo lifuate mgongo wa mti, akatia skrubu, na fundi alipotaka kusema kitu akaambiwa hapa sasa amevuka mpaka. Kisha wakaibana mipini kwenye jiriwa, kile chombo cha kukaza mbao mezani, na kwenye ncha ya kila mmoja wakaning'iniza ndoo ya misumari.

Mpini wa pini ulikaa vizuri, ukakaa, fundi akaanza kutabasamu. Kisha kibanzi kikadondoka sakafuni. Ncha mbili zikatelezeana juu ya spoku, mpini ukafupika mbele ya macho yao, na ndoo ikaanza kuzunguka polepole kama mtu anayetafuta mlango.

Mpini wa bamba haukufanya lolote. Ulikaa tu. Cheche akaongeza nyundo ndani ya ndoo, kisha akaning'inia yeye mwenyewe, miguu juu, mpaka meza ikainuka upande.

Fundi akaomba warudie, labda spoku ilikuwa imeingia upande. Wakafanya upya, ikawa vile vile. Ndipo akaagiza uletwe mpini wa tatu, wa jembe, akaelekeza uvunjwe safi, vipande viwili tu bila kibanzi. Huo wakautia pini. Ukashika. Ukashika vizuri, umenyooka, hauna nundu wala chuma cha kuonekana, na fundi akaupapasa kwa mkono wa kushoto kwa muda mrefu.

"Huu umetulia," Cheche akakubali, naye si mwepesi wa kukubali.

"Ningevunjika hivi," fundi akasema, "ningekuwa na haki."

Lakini hakuvunjika hivyo, na wote wawili walijua. Fundi akarudi kwenye mpini wa bamba, akapitisha dole gumba juu yake, akasimama penye ukingo wa chuma. Akasema hapo ndipo mbao inapokaa akiibeba. Cheche akamjibu atabebea bega la kushoto, au ataomba mkokoteni kwa heshima.

Mke wake alirudi akataka kufagia. Akatafuta, akauliza, akavuka barabara hadi karakana. Akakuta fagio lake limefungwa chuma kama mfungwa, na deki yake imekuwa fupi. Anasema hakupiga kelele. Alikaa kwenye gogo akawaambia wamweleze, nao wakamweleza, mmoja akimkatiza mwingine, na walipomaliza akamwuliza mume wake, kwa hiyo daktari anaambiwa nini. Fundi akatazama ubao wake wa mlangoni, uleule wa HATUTUMII SKRUBU. Akasema bado anafikiri. Labda pini, akasema.

Hapo ndipo mwanangu huyu, ambaye si msemaji wa makali, aliposema.

"Jibu unalo, umelining'iniza mwenyewe na ndoo. Kilichobaki ni aibu. Mkono huo ndio unaotulisha. Nimelalia kopo la rangi tangu ndoa, sijakusema mbele ya mtu. Lakini ukitiwa pini kwa ajili ya kumnyima kaka yangu kicheko, kitanda changu atakitengeneza yeye, cha chuma, na wewe utalala humo ukisikiliza paka."

Cheche akafungua mdomo. Akaambiwa na yeye anyamaze, na akatafute mpini mpya wa deki.

Siku ya kliniki fundi alikwenda na ile mipini ameifunga kwenye shuka. Askari wa getini alitaka kujua ni nini, akaambiwa ni mifupa, akawapisha haraka. Daktari akaifungua mezani kwake. Hakucheka. Akavuta huu, akazungusha ule, akatikisa kichwa kwa kukubali mbele ya ule wa bamba, akauliza nani aliyelipinda lifuate mgongo wa mti, maana hata yeye hupinda hivyo hivyo. Mke wake akasema ni kaka yake, na fundi akatazama dirishani.

"Umejaribu vizuri," daktari akasema. "Ila kuna kitu kimoja mipini hii haina. Imekufa. Uking'oa bamba hili mwakani, mti utaachia palepale. Mfupa wako uko hai, fundi. Mimi siuungi. Sijawahi kuunga mfupa wa mtu. Mimi nashikilia tu usicheze, kuunga unaunga wenyewe."

Fundi alijivuta karibu na meza. Aliangalia mipini, akaangalia picha ukutani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu ngazi kwa mguu mmoja, "Kwa hiyo bamba si kiungo."

"Si kiungo."

"Ni jiriwa."

Daktari akataka kujua jiriwa kwake lina kazi gani. Fundi akamweleza, na mkono wake wa kushoto ukamsaidia kueleza, kwamba ukishatia gundi huiachi mbao hivi hivi, unaibana na jiriwa mpaka gundi ikauke. Jiriwa ni la chuma na lina skrubu nene kama kidole, na hakuna seremala aliyewahi kuona haya kwa ajili yake, kwa sababu kazi si ya jiriwa, kazi ni ya gundi.

"Basi ndiyo," daktari akasema. "Ni jiriwa. Gundi ni yako. Ikishakauka, ukiona linakusumbua, njoo nilifungue. Lisipokusumbua, libaki."

"Nitie jiriwa," fundi akasema, na mke wake akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu karakana.

Siku ya upasuaji Cheche alikuja na vichekesho vyake alivyovipanga kwa muda. Hata kimoja hakikutoka. Alipowaona manesi wanamvisha shemeji yake lile gauni la kijani lenye kamba mgongoni, na harufu ya dawa ikamwingia, yeye anayekata chuma kila siku aliegemea ukuta, akateremka nao taratibu mpaka chini. Dada yake akampepea kwa bahasha ya picha. Alikuwa akirudia kwamba shemeji ni mtu mzuri, kama vile kuna mtu amekataa.

Ndani, fundi alikuwa analala na huku anatoa maagizo. Baadaye nesi aliwasimulia. Sindano ya nusukaputi ilipoanza kuingia, alimshika daktari kwa mkono mzima akamwambia asipige skrubu kabla ya kutoboa, kibanzi kitapasuka. Daktari akamwambia anatoboa kwanza. Fundi akasema na keekee aishike wima. Daktari akasema wima. Fundi akasema na vumbi la..., na hakulimaliza, na mpaka leo hakuna anayejua alitaka kusema nini juu ya vumbi.

Alipozinduka, neno la kwanza lilikuwa aonyeshwe picha. Bamba lilikuwa limelala juu ya mtulinga, vipande vitatu vimerudi kila kimoja kwao, na skrubu zimejipanga. Akazichunguza hadi akapata moja iliyoinama. Daktari akamwambia ameiinamisha makusudi ili ishike kile kibanzi. Fundi akafikiri, akasema angefanya hivyo hivyo. Mke wake anasema hakuwahi kumsikia akimwambia fundi mwenzake jambo kama hilo.

Cheche aliporudiwa na damu mwilini, kicheko nacho kikarudi. Aliiomba ile picha aitundike dukani kwake iwe tangazo. Fundi akamkatalia. Akamwambia lile ni jiriwa, na jiriwa ni chombo cha seremala, kama anataka picha avunje mtulinga wake mwenyewe. Lakini habari haifungwi kwa shuka. Wateja wakawa wakifika mlangoni wanasoma HAPA HATUTUMII SKRUBU, wanamtazama begani, wanatulia kidogo, ndipo wanasalimia.

Kupona kulikuwa kwa polepole. Kwanza mkono ulibembea tu kama wa mtoto anayetumwa dukani asitake. Kisha ukapanda ukutani kwa vidole, kama buibui. Ngozi ya chini ya kovu ilikufa ganzi, kama mwalimu alivyosema, na fundi alikuwa anaipapasa akisema huku ni kwa jirani. Aliendelea kulala kwenye kiti na mito yake, hata daktari aliposema anaweza kulala chali, kwa sababu aliogopa. Hakukiri. Alisema kiti kimemzoea. Wakati huo mke wake alifagia nyumba kwa lile fagio lenye bamba. Anasema ni zito, lakini halijawahi kulegea.

Ikafika siku, mke wake akiwa anapeleka chakula karakana, akasikia kabla hajafika mlangoni ile sauti ya randa. Ilikuwa fupi, sio ule mvuto mrefu wa zamani. Shaa. Kimya. Shaa. Akasimama pale pale barabarani na bakuli mkononi. Siku zilivyokwenda mvuto ukarefuka, na maranda yakaanza kutoka marefu, yamejikunja, yanaangaza jua.

Kitanda kilichongwa chote kwa ulimi na tundu. Sehemu moja tu fundi hakuiweza, kupigilia vile vijiti kwa nyundo ya mti, maana daktari alikuwa hajaruhusu kugonga kwa nguvu. Akampa Cheche nyundo. Cheche akauliza kama amesikia vizuri. Fundi akasema agonge na asijisifu. Akagonga, fundi akimwongoza polepole, taratibu, hapo, tosha. Na mbao zilipokwenda nyumbani, safari hii hakuna bega lililozibeba. Zilikwenda kwa mkokoteni wa Cheche, fundi akitembea kando ameishika ile mifumbati kama anamsindikiza mgonjwa, na alipofika getini jirani akamsalimu, aliitikia bila kugeuza shingo.

Waliunganisha chumbani, wakati wa mchana, baada ya chakula. Kile kitanda cha zamani walikisukuma sebuleni pamoja na kopo lake, Cheche akichukue kesho apate kuni. Godoro likawekwa, shuka likatandikwa. Cheche akasema kitu hakinunuliwi bila kupimwa, akajitupa kwa upande mmoja, akajigeuza huku, akajigeuza kule, ameweka sikio asikie mlio. Hakuna. Akajigeuza tena, kwa hasira kidogo. Hakuna. Akiwa bado anausubiri mlio huo akapitiwa na usingizi, mdomo wazi, na viatu mguuni.

Fundi akasema hawezi kumwacha shemeji yake apime peke yake. Akalala upande wa pili, chali kwanza, kwa woga, akitazama dari. Mke wake alisimama mlangoni. Baada ya muda fundi akapumua, akajigeuza. Akajigeuzia bega la kulia. Lile lile, lenye jiriwa ndani, akaliweka chini, akaliachia uzito wa mwili wote, na halikulia, wala kitanda hakikulia. Akafumba macho. Mwanangu anasema alisubiri amwone akikunja uso. Uso haukukunjwa. Kikafuata kile kikoromo cha zamani, cha mtu aliyelala kitandani, sio kile cha kwenye kiti.

Mwanangu huyu alikuwa amekingojea kitanda hicho miaka yote, na sasa kimejaa wanaume. Alifikiria kumwamsha kaka yake, lakini Cheche akiamka huanza kusema, akisema fundi ataamka ajibu, na fundi alikuwa amelala ubavu. Akamvua Cheche viatu. Akafunga dirisha pazia lisipige. Akaenda sebuleni, akajilaza kwenye kile kitanda cha zamani, kikalia kama kilivyozoea, kikainama kama kilivyozoea, naye akashika ukingo, akacheka peke yake kidogo, akalala.